Bwana Nyoka wa Newala

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri ambaye maisha yake yalinigusa nilipokuwa mwanafunzi. Nadhani alitazamia nimwandike kiongozi wa nchi au askofu, maana hao ndio tuliozoea kuwasoma katika kurasa hizi kila tunapokutana. Namwomba radhi. Mtu niliyemchagua alikuwa Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, asiyejali mavazi, mvutaji mkubwa wa sigara, aliyeishi na nyoka nyumbani kwake pale Newala hadi karibu na kifo chake mwaka 1968. Jina lake ni Constantine John Philip Ionides. Wazungu wenzake walimtania kwa kumwita Iodine, kama ile dawa ya vidonda. Sisi tulimjua kwa jina la Bwana Nyoka.

Kabla sijaingia katika maisha yake sina budi kueleza kwa nini mtoto wa Lulindi alijishughulisha naye, na hapo itanibidi nianze na mwewe.

Baba yangu alikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge nikiwa sijaota meno ya pili. Barua zilikuja mbili, kisha zikakoma. Mama aliolewa kwingine, nami nikabaki kwa mjomba, ambaye alikuwa na watoto wake saba na hakuhitaji wa nane. Sikupigwa sana, wala sikulala njaa kila siku. Ila hakuna aliyeuliza nilikotoka wala ninakokwenda. Wazee wenzangu mliokulia hivyo mnaelewa ninachosema.

Mwaka 1961, baada ya upepo mkali wa mwanzo wa mvua, nikaokota kinda la mwewe chini ya mti mrefu karibu na mto. Nilimfunga mguu kwa kamba ya katani nikamficha katika kibanda cha kulindia shamba. Nilimlisha panzi, mijusi, na panya. Vijana wa leo hawatajua uzito wa jambo hilo, lakini kwetu panya wa shamba ni kitoweo, na mtoto aliyechimba panya akampa ndege alikuwa anajinyima kweli kweli. Nilijifunza kumpigia mluzi kabla ya kumpa chakula. Kwanza alirukia mpini wa jembe niliouchomeka chini, hatua mbili tu. Baadaye hatua kumi. Mwisho nilimfungua kamba, akapaa juu ya mikorosho nikaona roho inanitoka, kisha nikapiga mluzi, akashuka mpaka mkononi mwangu. Hakuna cheti nilichopata baadaye kilichonifurahisha kama siku ile.

Mnajua mwewe hupendwa na nani. Hapendwi na mtu yeyote mwenye kuku. Alichukua kifaranga kwa jirani, na kwa kuwa hakuwaogopa watu tena alikwenda kukilia juu ya uzio palepale. Jirani akampiga rungu. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoogopa watu.

Wakati huo ndipo niliposikia habari za Mzungu wa Newala anayefuga nyoka, ambaye hakuna jirani aliyethubutu kumwua mnyama wake. Lulindi iko bondeni, na ukitazama upande wa mashariki unaiona ile kuta ya uwanda wa Wamakonde. Nikaamua kupanda kwenda kumwomba anichukue. Niliondoka alfajiri na muhogo mbichi mfukoni. Kufika jioni nilikuwa bado sijaanza kupanda, miguu imevimba, na mzee mmoja aliyekuwa akitoka kuteka maji akanilaza kwake na kunirudisha kesho yake. Basi sikumwona Bwana Nyoka, wala sikuwahi kumwona maisha yangu yote. Nilichopata ni kitabu chake, miaka kadhaa baadaye, katika maktaba ya shule yetu. Alikitoa Uingereza mwaka 1965. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni, na tangu hapo nimesoma kila nilichokipata kilichoandikwa juu yake.

Ionides alizaliwa Uingereza mwezi Januari 1901. Hakuwa mtoto wa maskini kama mimi. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa Kigiriki waliohamia Uingereza na kutajirika, na mmoja wao aliacha mkusanyiko wa picha za thamani kwa jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Lakini mali haiondoi upweke. Alikuwa na jina la kigeni katika nchi ambayo wakati ule ilijiona ndiyo kitovu cha dunia, na shuleni watoto wenzake hawakumwachia jambo hilo lipite. Alipelekwa Rugby, mojawapo ya shule za bweni za wakubwa wa huko, ndiyo hiyo hiyo ambayo mchezo wa raga umechukua jina lake. Hakuwa na furaha pale. Faraja yake ilikuwa nje ya uzio wa shule, katika mashamba na vichaka vya watu, kwa wanyama na ndege, mahali ambapo mwanafunzi hakuruhusiwa kufika.

Hapa pana jambo linalonichekesha kila ninapolikumbuka. Miaka karibu hamsini kabla yake, katika shule hiyo hiyo, palikuwa na mwanafunzi mwingine aliyekuwa hodari wa kutoroka. Huyo alikuwa mwizi wa mayai ya ndege. Alipanda miti mirefu na kuogelea katika maji ya baridi ili afikie viota vya korongo, naye alijulikana kwa walinzi wa mashamba yote ya jirani. Jina lake Frederick Courteney Selous. Alipokua alikuja Afrika ya kusini akawa mwindaji maarufu kuliko wote wa zama zake, akaandika vitabu, na mwezi Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65, akauawa kwa risasi ya Wajerumani pale Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji, katika ile Vita Kuu ya Kwanza. Kaburi lake lipo huko. Mwaka 1922 Waingereza waliyapa jina lake mapori ya hifadhi yaliyoanzishwa na Wajerumani. Ionides mtoto alivisoma vitabu vya Selous na kuapa moyoni kwamba naye atakwenda huko huko. Walimu walikuwa wakimfundisha Kilatini, yeye akili yake ilikuwa Rufiji.

Njia ya kufika Afrika kwa kijana kama yeye ilikuwa jeshi. Alisoma chuo cha maofisa cha Sandhurst, akaingia katika kikosi cha South Wales Borderers, akapelekwa India, na katikati ya miaka ya 1920 akapata uhamisho kuja Tanganyika katika King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Jeshi lenyewe halikumpendeza. Mara alipoweza aliliacha, akaanza kazi ambayo leo ingempeleka gerezani: ujangili wa pembe za ndovu. Alivuka mpaka na kuingia Kongo ya Wabelgiji, akaua tembo bila kibali na kuuza pembe. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hili, na mimi sioni sababu ya kulificha kwa niaba yake. Baadaye akawa mwindaji wa kuongoza wageni matajiri, kazi ambayo aliichoka upesi kwa sababu wageni walikuwa watu, naye watu walimchosha.

Mwaka 1933 Idara ya Wanyama ya Tanganyika ilimwajiri kuwa bwana nyama. Mwizi akapewa ufunguo wa ghala. Wazee wa Liwale walisema kwamba hakuna mlinzi anayejua njia za mwizi kama aliyekuwa mwizi, na katika jambo hili naona walisema kweli.

Makao yake yalikuwa Liwale, na eneo lake lilikuwa karibu kusini yote, pamoja na kwetu. Alizunguka kwa miguu. Msafara wa wapagazi, wapishi wawili watatu, askari wa wanyama, na yeye mbele katika kaptura kuukuu na kofia iliyopoteza umbo. Kazi ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa kuwalinda watu na mashamba yao. Tembo walikuwa wakiingia usiku mmoja wakamaliza mtama wa mwaka mzima, na simba wala watu walisumbua sana wilaya za kusini; mzee yeyote wa Masasi au Newala atakusimulia habari za kijiji kilichofunga milango kabla ya jua kuzama. Ionides na askari wake waliwafuata simba hao kwa siku nyingi mpaka wakawapata. Nasema na askari wake kwa makusudi, kwa kuwa vitabu vya Kizungu huwasahau. Waliosoma nyayo, waliotangulia vichakani, walioweza kumtambua tembo mmoja kati ya mia, walikuwa Wangindo, Wamwera, Wayao na Wamakonde. Hata baba yake Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu, alikuwa mwindaji wa tembo katika idara hiyo, na Kawawa mwenyewe alianza shule huko huko Liwale.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa kujenga hifadhi. Ionides aliona kwamba tembo na mkulima hawawezi kulala kitanda kimoja. Mpango wake ulikuwa kuwasukuma tembo watoke kwenye mashamba waende porini, na kulipanua pori lile lenye jina la Selous mpaka liwe kubwa la kuwatosha. Alilifanya jambo hili kwa miaka zaidi ya 20, na msaidizi wake, Brian Nicholson, akaliendeleza baada yake. Hivyo Selous ikawa mojawapo ya hifadhi kubwa kabisa Afrika.

Lakini pori halipanuki bila mtu kuhama. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa Liwale kutoka vijiji vyao vya zamani na kuwakusanya kwingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa malale, na ni kweli ugonjwa ulikuwapo. Ila ni kweli pia kwamba ardhi iliyoachwa iliingia katika hifadhi, na Ionides aliufurahia mpango huo. Nilipokuwa nafundisha Nachingwea nilikaa jirani na mzee wa Kingindo aliyehamishwa akiwa mtoto. Alikuwa akiyataja makaburi ya babu zake kwa majina ya vijito, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Hakuwahi kuruhusiwa kurudi kuyafagia. Nilimwambia kwamba ninampenda Bwana Nyoka na kwamba nimesoma kitabu chake. Alinitazama, akaendelea kusuka mkeka wake. Sikumtajia tena. Hawa ndio watu wa Maji Maji, ambao mwaka 1905 waliiteka boma ya Liwale, na njaa iliyofuata vita ile ilikwisha kuwapunguza vya kutosha. Ninapomsifu Ionides katika karatasi hii, mkeka wa yule mzee uko mbele yangu.

Nadhani kosa lake na sifa yake vilitoka katika shina moja. Mtoto aliyekimbilia kwa wanyama kwa sababu watu walimwumiza alikuja kuwa mtu mzima aliyewaamini wanyama zaidi ya watu. Hakuoa. Hakupenda karamu za maofisa. Alijenga himaya isiyo na watu ndani yake, akaiona kuwa ni kitu kizuri. Lakini tembo walipona. Mwaka 1976 hesabu ya ndege ilionyesha tembo zaidi ya 100,000 katika Selous na mapori yanayoizunguka. Majangili wa zama zetu wakaja na silaha za vita, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta tembo karibu 13,000 tu. UNESCO, iliyoitia Selous katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikakatwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la mwizi wa mayai limebaki kwenye kipande kilichosalia.

Sasa nije kwenye nyoka, kwa kuwa ndio waliompa jina kwetu.

Katika miaka ya Liwale alianza kukusanya nyoka kwa ajili ya majumba ya makumbusho, kwanza kama kazi ya ziada, halafu ikawa ndiyo kiu yake kubwa. Tembo alikuwa amewaua wengi mno. Nyoka aliwataka hai. Wataalamu waliopokea vitu vyake waligundua viumbe ambavyo sayansi haikuvijua. Yupo mnyama mdogo asiye na miguu, afananaye na mnyoo, aishiye chini ya udongo wa Liwale, aliyeandikwa mwaka 1950 na kupewa jina la Ionides. Mwaka uliofuata nyoka mmoja wa kusini akapewa jina hilo hilo na mtaalamu Arthur Loveridge. Wengine hupewa majina ya barabara. Yeye alipewa la mnyoo, na nina hakika alilipenda zaidi.

Katikati ya miaka ya 1950 alistaafu. Angeweza kurudi Uingereza au kukaa Nairobi na wastaafu wenzake. Akapanda Newala. Sababu ilikuwa moja tu: uwanda wa Wamakonde una nyoka wengi kuliko mahali pengi duniani. Vile vichaka vizito vya uwandani vina kifutu wa msituni, yule mnene mwenye maua mgongoni kama zulia la Kiajemi, ambaye meno yake ya sumu huweza kufika urefu wa sentimita 5. Na juu ya miembe na mikorosho yetu yupo koboko wa kijani, mwembamba, mwepesi, mla ndege na mayai yao. Wakulima hupita chini yake kila siku bila kumwona, maana rangi yake ni ya majani yenyewe.

Utaratibu wake ulijulikana wilaya nzima. Mtu aliyemwona nyoka hakumwua. Alimwacha mtoto amchunge kwa macho, yeye akakimbia kwenda kumwita Bwana Nyoka, na akipatikana nyoka alilipwa. Fikirini jambo hilo. Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, nyoka shambani alikuwa riziki. Ionides alifika na gari lake, wasaidizi wake Wamakonde, masanduku, na miti mirefu yenye kibanio mwishoni. Kwa koboko wa juu ya mwembe miti iliungwanishwa mpaka ikafikia tawi. Hapo ndipo watu walipokusanyika kutazama, kwa mbali. Mti ulipandishwa polepole, polepole sana, kama tawi linalosogezwa na upepo. Kibanio kikamshika nyoka, akashushwa akijipinda, akashikwa nyuma ya kichwa, akaingizwa katika mfuko na sandukuni. Kwa kifutu mara nyingi hakutumia mti wowote. Aliinama, akamgusa kwa utaratibu, akamwinua kwa mikono mitupu kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala.

Wengi waliamini ana dawa. Kwetu Lulindi ilisemwa kwamba amechanjwa na mganga wa ng'ambo ya Ruvuma, na wengine walisema yeye mwenyewe si mtu kamili. Ukweli ni wa kawaida zaidi, na kwangu ni wa ajabu zaidi. Alikuwa amewatazama. Alijua kwamba kifutu ni mzito na mvivu, kwamba hutegemea kutoonekana, na kwamba haumi ovyo mtu asiyemkanyaga wala kumshtua. Alijua koboko hukimbia kwanza akipewa njia. Alijua kila aina hushtuka kwa mwendo gani. Hakuwafuga kwa maana ya kuwafanya rafiki. Alikwisha kutambua kwamba nyoka hamjui bwana wake, na hakudanganyika kwamba anapendwa. Mimi nilimfundisha mwewe asiniogope, akafa kwa ajili hiyo. Yeye hakuwafundisha nyoka chochote. Alijifundisha yeye.

Hata hivyo aliumwa, tena mara nyingi. Vidole vyake vilikuwa na makovu. Alikuwa na tabia ya kuangalia dalili za sumu katika mwili wake mwenyewe kama daktari anavyomwangalia mgonjwa, lini uvimbe umefika kiwiko, lini kichwa kimeanza kuuma, kisha akaandika. Siwashauri wanafunzi wa sayansi wamwige. Mwalimu wenu wa bailojia atanisuta.

Nyoka aliowakamata walikwenda kwenye bustani za wanyama na vituo vya utafiti Ulaya, Marekani na kwingineko. Sumu iliyokamuliwa ndiyo malighafi ya dawa ya kutibu walioumwa. Dawa hiyo hutengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo husafishwa na kutiwa katika chupa. Na bila nyoka hai hakuna hata tone. Nalitaja jambo hili kwa kuwa sisi wa kusini tunalijua kwa uchungu. Katika mashamba ya korosho, wakati wa kuokota, mkono huingia katika majani makavu bila kuangalia.

Waandishi walimfuata. Alan Wykes alitoa kitabu juu yake mwaka 1960. Mwanamke mwandishi maarufu wa Uingereza, Margaret Lane, alikuja kukaa naye Newala, na mwaka 1963 akatoa chake. Kutokana na vitabu hivyo tunamwona mzee katika nyumba isiyo na pambo, masanduku ya nyoka karibu na mahali pa kulia chakula, vitabu vya historia vimerundikana, sigara haizimiki, na mazungumzo marefu usiku, maana huyu aliyewakimbia watu alikuwa msemaji mzuri alipompata msikilizaji. Dunia nje ilikuwa ikibadilika. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, miezi ile ile mwewe wangu alipokuwa akijifunza kurudi mkononi. Wazungu wengi wa serikali walifungasha mizigo. Yeye alibaki. Wakulima wa Newala waliendelea kuja mlangoni kumwambia kuna nyoka, naye akaendelea kuchukua miti yake na kutoka.

Kilichomwua hakikuwa nyoka. Damu ilianza kutopita vizuri miguuni, ugonjwa ambao sigara huuchochea sana, na mtu aliyeitembea kusini yote kwa miguu akashindwa kutembea. Miaka ya mwisho alikwenda kukamata nyoka kwa shida, wasaidizi wakimshika. Hakuacha sigara. Mguu ukakatwa, na mwaka 1968 akafariki Nairobi, umri wake miaka 67. Mwili wake ulirudishwa ndani ya Selous, ukazikwa kwenye mlima Nandanga, katikati ya pori ambalo yeye alilisimamia. Selous yuko kaskazini, yeye yuko kusini, wanafunzi wawili watoro wa shule moja, na kati yao ni tembo waliosalia.

Nilikuwa kidato cha pili habari za kifo chake zilipofika kwetu. Wakati huo ndipo nilipokuwa nimefika katikati ya kitabu chake. Nakumbuka nilikirudisha nyuma nikaanza tena mwanzo, kwa sababu sikutaka kifike mwisho.

Mwaka jana nilipita shuleni, nikaingia maktaba kukitafuta. Mkutubi, kijana mwenye adabu sana, alinisaidia kuzitazama rafu zote mpaka zile za vitabu vilivyoliwa na mchwa. Hakipo. Katika daftari la zamani la kuazima limo jina langu, na chini yake majina mengine manne, na la mwisho halina tarehe ya kurudisha. Sitalitaja hapa. Mwenyewe anajijua, huhudhuria mikutano yetu yote, na hukaa meza za mbele. Ndugu yangu, ukija mwaka huu, kije nacho. Hatutauliza neno.